Mahali Pasiposikika Mvua

Machi 9

Mjukuu wangu amenipa daftari hili na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, utadhani mimi ni mwalimu wa kusahihisha. Kazi yake ni kutembeza wageni kwa miguu. Hawapeleki kwenye sanamu wala majengo ya serikali, huko kuna watembezaji wenye vitambulisho shingoni. Yeye anawaingiza vichochoroni. Watu wazima wanatoka mbali, wamevaa viatu vya maana, wanakuja kutazama tunavyoanika nguo.

Nikamuuliza, "Mchumba, hawa kwao hawana kamba?"

"Babu, andika tu. Sehemu ambazo wengine hawazijui. Mtu afikeje, aende saa ngapi, aangalie nini. Wewe ndiye ramani yangu."

Hapo hakukosea. Nimesoma mita za maji mtaa huu tangu nina nywele mpaka nikabaki na kofia. Hakuna ua ambao sijaingia na hakuna mbwa asiyeijua suruali yangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini mita haiulizi cheti.

Haya basi. Ya kwanza: ukuta wa nyuma wa kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Nenda asubuhi jua likiupiga, bado unanukia. Usimuombe mlinzi ruhusa, maana ukimuuliza atakumbuka kwamba anatakiwa kukuzuia. Pita umekunja uso. Mtu mwenye hasira haulizwi anakwenda wapi.

Machi 10

Ya pili: kibanda cha kinyozi pale kona. Kaa kiti cha dirishani hata kama huna nywele, utaona mtaa mzima kupitia kioo na mtaa hautakuona. Kinyozi mwenyewe ni muongo lakini ana mkono mwepesi.

Machi 12

Mvua ya kwanza imeanguka leo mchana. Nilikuwa naisubiri kwa hamu kama mtoto, kumbe sikujua ninachokisubiri.

Mke wangu alipata kiharusi kabla ya mwaka jana kuisha. Upande wa kulia umelala. Maneno nayo yamemkimbia, yanarudi moja moja kama kuku jioni. Tulishaanza kuzoea. Namlisha, namgeuza, namtania, ananitazama kwa lile jicho zima. Muuguzi anapita kumwangalia, anasema tunakwenda vizuri.

Leo mvua ilipopiga bati, alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Hata alipojifungua hakulia vile. Akaziba sikio kwa mkono mzima, akatikisa kichwa kwenye mto. Nikakaa karibu nikaanza kumsimulia visa ili asiisikie mvua. Nikapandisha sauti. Kadiri nilivyopandisha, ndivyo alivyofumba macho.

Ilipotulia akanishika shati. "Nipeleke."

"Wapi, mama?"

Akatafuta neno muda mrefu. "Pale. Mvua... haisikiki."

Nikamwambia mahali pasiposikika mvua panaitwa kaburini na bado hatujalipia kiwanja. Mzaha wangu haukumfurahisha.

Machi 13

Muuguzi anasema ni kawaida. Baada ya kiharusi sauti nyingine zinaingia kichwani kama nyundo. Akashauri pamba masikioni. Tukamtia. Akaitoa, akaitupa. "Si hii," akasema. "Pale."

Machi 14

Nimepanda darini na magunia na maboksi, nimetandaza juu ya kitanda chake. Nimeshuka na misumari miwili mfukoni na kidonda kimoja gotini. Mvua imekuja saa tisa. Hakuna kilichobadilika ila sasa panya wana zulia.

Machi 17

Mwanamke mmoja bubu amesimama mlangoni leo, kajifunika kanga kichwa kizima kwa ajili ya manyunyu. Alikuwa akiashiria ndani, akiashiria kifua chake, akiashiria ndani tena. Nikampa sarafu. Kaiweka kizingitini, kaondoka. Siku hizi hata ombaomba wanachagua.

Machi 20

Nimemwambia mjukuu kwamba tunaitafuta hiyo sehemu.

"Babu, Bibi amechanganyikiwa," akasema. "Nyumba zote ni bati."

"Bibi yako hajawahi kuchanganyikiwa isipokuwa siku aliyonikubali."

Basi. Kila mvua ikinyesha natoka, nasimama mahali, nasikiliza. Mjukuu anakaa na bibi yake. Majirani wananiona nimesimama barabarani nimetega sikio, mwavuli umefungwa, wanasema uzee umeingia ghorofa ya juu. Waseme.

Machi 22

Ghala la chini ya benki. Unaingilia mlango wa upande, ule wenye rangi iliyobanduka. Mita yake iko kulia, nambari nane haisomeki vizuri. Zege tupu, nikadhani nimepata. Kuna pampu inanguruma kule ndani kama mtu aliyevimbiwa. Mvua huisikii, ila huwezi hata kuisikia akili yako. Kwa wageni ni pazuri: kuna baridi, na karani mmoja ana paka.

Machi 25

Chini ya daraja la reli. Hapafai. Maji yanapita na mdomo mkubwa kuliko wangu.

Machi 26

Chumba cha kusomea magazeti. Paa ni la saruji, watu wananong'ona, nikaanza kufurahi. Kumbe panavuja. Wameweka ndoo katikati ya chumba: to, to, to. Mvua ya bati inakupiga ngumi, ile inakufinya. Mzee mmoja alikuwa amelala juu ya habari za michezo. Wageni wapelekwe siku kavu, wasikae kiti cha tatu, kina msumari.

Mjukuu amefurahi kupita kiasi. Anasema wageni wameipenda hii ya "kusikiliza mvua", amewapeleka watu kwenye ghala la benki na karani kawapigisha picha na paka. Nikamwambia mimi natafuta mahali pa kumpumzisha bibi yake, yeye anafungua biashara.  Jioni nilimkuta jikoni anaosha vyombo kwa nguvu kuliko uchafu uliokuwapo. Nilimkosea. Ana miguu mibovu ya kusimama kutwa, na akirudi anamwogesha bibi yake bila kuambiwa. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia sufuria haijamtukana.

Machi 29

Mvua. Hakula.

Machi 30

Mvua. Kala vijiko viwili vya uji.

Aprili 1

Jambo limenijia kichwani nikiwa namkata kucha. Kama anapajua hapo mahali, basi aliwahi kwenda. Kama aliwahi kwenda na mimi sipajui, alikwenda bila mimi. Na nani?

Nikamuuliza, kwa upole, nilivyodhani. "Nani alikupeleka huko?"

Midomo yake ikapanda upande mmoja. Alitabasamu! Mwanamke amelala kitandani hawezi kugeuka, na bado ananitia wivu.

Aprili 3

Nimekwenda kwa mpiga picha. Zamani alikuwa na chumba cha giza, kuta nene, na masharubu. Nilikuwa siyapendi yale masharubu tangu enzi hizo. Nimemkuta bila masharubu na bila meno; meno yalikuwa kwenye kikombe mezani.

"Nijibu kama mwanaume," nikamwambia. "Mke wangu alikuwa anakuja kwenye kile chumba chako?"

Akavaa meno kwanza. Nilimheshimu kwa hilo.

"Alikuja mara moja," akasema. "Picha ya kitambulisho. Akanigombeza kwamba nimemnenepesha. Mpaka leo tukikutana hanisalimii."

"Na chumba?"

"Kaone mwenyewe."

Kimejaa vitunguu vya mkwewe. Nikasimama humo mvua ikinyesha, nikaisikia vizuri sana, na machozi yakanitoka. Ya vitunguu. Alinifungia pakiti moja nimpelekee mgonjwa.

Aprili 6

Mvua. Amelia kutoka saa nane mpaka saa kumi. Nilikaa pembeni nikaimba, nikapiga makofi, nikasimulia kisa cha mkaguzi wa maji aliyepanda mti akimkimbia bata mzinga. Mtaa mzima hucheka nikikisimulia hicho. Mjukuu akanigusa bega: "Babu, punguza." Nikamwambia nikipunguza ataisikia mvua. Akasema, "Jaribu tu." Sikujaribu. Ningekaa nifanye nini, nimtazame akilia?

Aprili 9

Muuguzi amenitoa nje leo. Huwa anaongea mbele ya mgonjwa, leo kanitoa nje. Anasema moyo unachoka, mwili hauli, usingizi haupo. Hakunipa tarehe, lakini alinishika mkono na hakuwa na sababu nyingine ya kunishika mkono.

Akauliza kama kuna kitu anachokitaka.

Nikasema, "Kipo. Sijakipata."

Aprili 10

Leo nitaandika mpaka wino ukatae.

Nilikwenda kwa kinyozi nikakaa kile kiti cha dirishani. Hapakuwa na mteja. Nikamwambia hali ilivyo, maneno ya muuguzi yote. Halafu nikamuuliza tena lile swali nililomuuliza tangu mwezi uliopita: katika mtaa huu, mahali gani mvua haisikiki? Siku zote akiulizwa hivyo huinama kusafisha mashine. Leo akaizima, akaja kufunga mlango.

"Mzee, niahidi hutanirushia kiti."

"Kizito. Sema."

"Juu ya duka la vipuri. Zile ngazi za chuma za nyuma. Kwa fundi wa magodoro."

"Yule kiziwi? Pale hakuna mita."

"Ndiyo maana hukuwahi kuingia."

Ni kweli tupu. Nilipita chini ya zile ngazi kila mwisho wa mwezi na sikuwahi kuinua kichwa. Fundi wa magodoro hataki maji karibu na pamba yake; akitaka kunywa anashuka kwa jirani. Hakuna bomba, hakuna mita, na mimi mtaa wangu wote ulikuwa mita. Pasipo na mita, kwangu palikuwa hewa.

"Alikuwa anakwenda kufanya nini? Tuna godoro."

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kila Alhamisi baada ya chakula. Ulikuwa unamwona ana kikapu, unadhani anakwenda sokoni. Alikuwa anapitia sokoni wakati wa kurudi."

"Tangu lini?"

Akatazama dari. "Mimi nilikuwa bado nafagia nywele hapa, mzee wangu ndiye ananyoa."

Huyu kinyozi sasa ana wajukuu.

"Na wewe ulijua wakati wote huo. Nani mwingine?"

"Wote. Mwenye duka la vipuri. Muuza mkaa. Mama wa cherehani. Mzee, usinitazame hivyo. Alitusihi. Alisema, 'Msimwambie Redio. Akijua, atakuja na kiti chake.'"

Redio ndiyo jina langu hapa mtaani. Nilikuwa naliona ni la sifa.

Sikumrushia kiti. Nilikaa nikatazama kwenye kioo. Kuna mzee alikuwa humo, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

"Hakuwa anakusema vibaya," kinyozi akasema. "Alikuwa anasema ukilala hapo ndipo nyumba inakuwa kubwa."

Nikamwambia asiendelee kunifariji, anaharibu zaidi.

Nikaenda. Ngazi zinateleza, shika upande wa ukuta. Mlango haugongwi, maana nani atasikia. Kuna kamba, ukiivuta kitambaa chekundu kinapepea ndani. Ukafunguliwa na yule mwanamke niliyempa sarafu, kumbe ndiye fundi mwenyewe.

Alinitambua na mimi nikamtambua. Nilitamani ngazi zinimeze. Alikuja kwangu kumuulizia rafiki yake aliyeacha kuja, nami nikampa sarafu. Nikaweka mikono kifuani, nikalaza shavu kwenye kiganja, nikaonyesha upande wangu wa kulia umekufa. Nadhani nilichekesha. Hakucheka. Akashika mlango kwa mikono miwili, akaufungua mpaka mwisho, akanionyesha kwa kidole: mlete.

Aprili 11

Tumempeleka leo, mvua ilipopumzika kidogo. Muuza mkaa kaleta mkokoteni, kaufuta vizuri, katandika. Mjukuu ameghairi wageni wake. Njiani watu wakatoka milangoni, na hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Ngazi tulimpandisha kwa kiti, muuza mkaa juu, kinyozi chini, mimi pembeni natoa amri ambazo hazikufuatwa.

Ndani ni chumba kirefu. Pamba imepangwa kwa marobota mpaka kwenye paa, kuta zimefunikwa magodoro mabovu, sakafuni unakanyaga kama mgeni wa mawingu. Kuna dirisha moja. Fundi akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mke wangu uso. Hawakuwa na maneno, mmoja hana tangu azaliwe, mwingine yamemkimbia. Lakini yale yalikuwa maongezi. Nimeongea maisha yangu yote na sijui kama nimewahi kuongea hivyo.

Tukamlaza kwenye godoro jipya. Mvua ikaanza. Niliiona dirishani inamiminika, miti imeinama, na ndani kimya, kama runinga uliyoizima sauti. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikasema, "Mama wee, kumbe kweli!"

Sauti yangu humo ilikuwa kama sufuria imeanguka msibani.

Mke wangu akainua mkono mzima. Akaninyooshea mimi, kisha mlango.

"Nje," akasema.

Lilitoka zima, halikukwama popote. Tangu augue sijasikia neno lake lililonyooka namna ile. Mjukuu akatazama chini. Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi mvua ikininyeshea, mpaka mwenye duka la vipuri akaniita nijibanze kwake.

Aprili 12

Kalala humo mchana kutwa, mjukuu anasema. Karudi kala bakuli zima. Mimi nilikuwa nje.

Aprili 14

Nje.

Aprili 15

Nje. Nina hasira, naandika kwa kalamu nyekundu. Mwanamke huyu nilimchekesha ujana wake wote. Nilimchekesha tulipokosa, nilimchekesha tulipomzika kitinda mimba wetu, wakati kila mtu amekaa kama jiwe. Kama si mimi ile nyumba ingekuwa pango. Leo mimi ndiye kelele. Mimi na mvua tumewekwa fungu moja.

Aprili 16

Jana niliandika kuhusu kitinda mimba wetu, na nimelala nayo. Siku ile nilisimulia visa mpaka waombolezaji wakashika mbavu. Nakumbuka nani alicheka na nani alikohoa. Yeye alikuwa wapi? Najaribu kumwona na simwoni. Labda aliinuka akaenda mahali akalie, na mimi nilikuwa sijamaliza kisa.

Aprili 19

Tunakwenda kila siku sasa, hata siku ya jua. Mjukuu amepata jamaa wa kuwatembeza wageni badala yake. Nikamuuliza kama hapotezi kazi. "Babu, mitaa itakuwepo," akasema. Anambeba bibi yake mgongoni kwenye zile ngazi, hataki tena kiti. Mtoto niliyekuwa namwona ana kidomo tu.

Aprili 22

Leo nimechungulia. Mlango una ufa chini ya bawaba, ukipiga goti unaona. Fundi alikuwa anashona ukingo wa godoro kwa ile sindano ndefu. Mke wangu amekaa ameegemea robota, kwenye mapaja kuna fungu la pamba, anatoa mbegu kwa mkono mmoja, moja moja, anaziweka kwenye kisahani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Na uso wake! Nyumbani upande mmoja umeanguka na mwingine umekazana kuubeba. Pale pande zote mbili zilikuwa zimetulia sawasawa. Sijui kama ninaufahamu ule uso. Nimeoa mwanamke huyu nikamwacha huyo mwingine kwa fundi wa magodoro.

Sikukaa sana. Magoti.

Aprili 25

Leo nyumbani, namfunika, nikajaribu. Sikusema neno tangu kuosha miguu mpaka kuzima taa. Ilikuwa kama kushikilia chafya. Akanitazama na lile jicho.

"Unaumwa?" akauliza.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, bila sauti, tumbo ndilo lililotikisika. Nimeandika hili ili lisipotee.

Aprili 28

Mvua kubwa. Tulichelewa kutoka, ikatukuta nyumbani. Mambo yalikuwa mabaya. Nilimshika tu. Sikusimulia chochote. Alinung'unika akauminya mkono wangu mpaka ikapita.

Mei 2

Mjukuu anasema bibi yake ameuliza, "Yuko nje?" Akajibiwa yuko nje. Akasema, "Ana koti?"

Nina koti.

Mei 5

Amekufa leo.

Huko huko, saa tisa, mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa chini kwenye duka la vipuri. Nilikuwa namsimulia mwenye duka kisa cha mkaguzi na bata mzinga, nimefika pale anapopoteza kiatu, jamaa anacheka ameshika kaunta. Nikasikia mlango wa juu. Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi, mvua inamlowesha, yeye ambaye hakubali tone. Mikono yake haikuwa na sindano.

Nikapanda. Mjukuu alikuwa amekaa chini amemshika bibi yake miguu.

"Alilala tu, Babu. Nilidhani amelala."

Kwenye kisahani mbegu zilijaa.

Nilitaka kusema kitu. Nikazunguka nikitafuta kitu cha kusema. Halafu nikatoka nje, bila kuambiwa, nikakaa mahali pangu.

Mei 8

Tumemzika. Watu walikuwa wengi. Wakasubiri niseme chochote, wamezoea. Kinyozi akasimama badala yangu akazungumza maneno machache ya maana. Si muongo kama nilivyoandika.

Mei 13

Mvua zinapungua.

Mei 14

Bati likilia ninaamka kwenda kumziba sikio.

Mei 20

Mjukuu amerudi kazini. Leo amekaa na daftari hili, nikamruhusu asome zile kurasa za mwanzo tu. Akaniuliza, "Na kule kwa fundi, Babu? Wageni wangepapenda mno. Ila sitawapeleka."

"Sijakukataza."

"Najua. Mimi ndiye najikataza."

Nikamwita "mke wangu mdogo", kama zamani. Akasema nafasi iko wazi sasa na yeye haitaki, nina sauti kubwa. Tukacheka, halafu hatukucheka.

Mei 27

Jua kali. Leo Alhamisi. Nimekula, nikakaa, nikasimama, nikakaa. Mwisho nikajikuta kwenye zile ngazi.

Nilivuta kamba. Fundi akafungua, akaniangalia, akapisha. Godoro lile lilikuwa limeondolewa, kama mtu mwenye akili angefanya. Nikakaa pale alipokuwa akiegemea. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, nimwonyeshe marehemu kwamba ningeweza, kwamba angeweza kunileta na ningekaa kimya bila kumsumbua.

Niliweza kidogo tu. Kisha yakanitoka. Nikasema mbona hukuniambia. Nikasema ningekaa pembeni kabisa, hata nyuma ya marobota. Nikasema ni uongo, nisingekaa, ningekuja na kiti. Nikamwambia yule mtoto wetu nilikuwa namlilia vilevile, ila mimi nalia kwa mdomo, na sikujua namna nyingine. Nilisema mengi. Fundi alikuwa amenipa mgongo, anachambua pamba, sikumsumbua hata chembe. Vumbi la pamba lilikuwa linapepea kwenye mwanga wa dirisha, likaniingia kooni, nikakohoa mpaka nikaona nyota.

Hapo akageuka. Lazima aliniona mabega yakitikisika, sijui alidhani nakohoa au nalia, na mimi mwenyewe singeweza kumwambia. Akaniletea mfuko wa mto ulioshonwa pande tatu, akamwaga fungu la pamba mapajani mwangu, akanionyesha: chana, jaza, shindilia kwenye pembe. Akagusa midomo yake kwa kidole, akaifunga. Halikuwa onyo. Ukifanya kazi hiyo ukifungua mdomo pamba inaingia, ndivyo ilivyo.

Nikachana, nikajaza, nikashindilia. Nikaushona kwa mishono kama njia ya kuku. Nikamkabidhi nimejaa fahari.

Akaubonyeza upande mmoja, akaubonyeza wa pili. Akautazama kama muuguzi anavyotazama kidonda. Kisha akachukua mkasi, akafumua mishono yangu yote, akaimwaga pamba mapajani mwangu tena, akanirudishia mfuko mtupu.

Nikafunga mdomo, nikaanza upya.